Usijenge Piramidi kabla ya kupata mawe

Msomaji mpenzi, je, umewahi kufundishwa na mwanao jambo ambalo wewe ndiwe uliyepaswa kumfundisha? Mimi yalinipata katika likizo ya Desemba 2023, na hadi leo ningali natafakari.

Nilikuwa jikoni nikikata sukuma wiki niliposikia kwaya ikiimba kwa Kiswahili sebuleni. Ulikuwa wimbo Baba Yetu, ambao maneno yake ni ya Sala ya Bwana. Moyo ulinifurahi nikidhani kifungua mimba wangu, mwenye umri wa miaka 14, ameanza kupenda nyimbo za ibada. Kumbe! Nilimkuta mbele ya kompyuta, na kwaya ile ilikuwa ikifungua mchezo.

Mchezo wenyewe unaitwa Civilization IV. Ulitolewa mwaka 2005, nao ni wa nne katika mfululizo ulioanzishwa mwaka 1991 na Sid Meier, Mmarekani. Wimbo huo ulitungwa na Christopher Tin, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Nilipoyasikia hayo, hasira ilinitoka. Nikavuta kiti na kumwambia, "Haya, nifundishe."

Unaanza na kundi dogo la watu wasio na chochote. Unajenga mji, unalima, unachimba madini, unavumbua maarifa na kujilinda dhidi ya majirani. Kila mji hutoa nguvu ya ujenzi ambayo huhesabiwa kwa nyundo. Kwa nyundo hizo unaweza kujenga ghala, kuunda kikosi cha wapiga upinde, au kujenga mojawapo ya maajabu ya dunia. Ajabu moja hujengwa na taifa moja tu. Akikutangulia mwenzako, basi imekwenda.

Nilipoona Piramidi za Misri katika orodha, sikutaka kusikia lingine. Anayezijenga hupata uhuru wa kuchagua mfumo wowote wa utawala mapema, wakati wenzake wangali wanausubiri kwa karne nyingi. Nani asiyetaka hayo?

Mwanangu alinitazama, akacheka kidogo. "Mama, una mawe?"

"Mawe ya nini? Si nina nyundo?"

Sasa sikiliza hesabu, ndugu msomaji. Katika toleo alilokuwa nalo, Piramidi hudai nyundo 500. Kundi la wahamiaji wa kuanzisha mji mpya hudai 100. Wafanyakazi wa kulima na kutengeneza barabara hudai 60. Mji wangu mmoja ulikuwa ukitoa nyundo 5 kila zamu, yaani ningehitaji zamu 100. Lakini anayemiliki mawe, akayachimba na kuyaunganisha na mji wake kwa barabara, kila nyundo yake huhesabiwa mbili. Zamu 100 hugeuka 50.

Mawe yalikuwepo, hatua nne tu kutoka mjini mwangu. Ila sikuwa na mji wa pili wa kuyazingira wala wafanyakazi wa kuyachimba, kwa sababu nyundo zote zilikuwa zikimezwa na Piramidi. Jirani akaja, akajenga mji wake papo hapo, mawe yakawa yake. Nilipokuwa nimebakisha nyundo 60, kompyuta ikatangaza kwamba Piramidi zimekamilishwa katika nchi ya mbali.

Nilifidiwa dhahabu kwa kazi niliyokuwa nimefanya, lakini dhahabu haikunirudishia ardhi iliyotwaliwa. Nilikuwa na mji mmoja, kikosi kimoja cha wapiga upinde, na majirani waliokuwa na miji mitano mitano. Zamu chache baadaye nilivamiwa, na mchezo ukaniishia hapo.

"Mama," akasema mwanangu, "Piramidi si mbaya. Shida ni ile miji mitano ambayo hukuijenga."

Nyundo 500 ni makundi matano ya wahamiaji. Bei halisi ya ajabu ni kile unachokosa kujenga unapoijenga. Na hata ukifaulu, baadhi ya maajabu nguvu zake huisha. Sanamu kubwa ya Rodo hukuongezea mapato ya baharini, lakini ukishavumbua elimu ya nyota, faida hiyo hukoma. Unaweza pia kukata misitu ili upate nyundo za haraka, ila misitu ndiyo inayoipa miji afya, na ikishakwisha wakazi huanza kuugua.

Tulianza upya. Safari hii nilitanguliza wafanyakazi, kisha wahamiaji. Mji wangu wa pili niliuweka karibu na mawe. Nikachimba, nikatengeneza barabara, ndipo nikaanza Piramidi. Nilizimaliza! Nilipiga vigelegele hadi mume wangu akatoka chumbani kuuliza kulikoni.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Hata Misri ya kweli ilikuwa hivyo. Mwaka 2013 wataalamu walichimbua kwenye pwani ya Bahari ya Shamu kumbukumbu za afisa aitwaye Merer, aliyeishi enzi za Farao Khufu. Humo aliandika safari za kikosi chake za kusafirisha mawe kwa mashua kutoka Tura hadi Giza. Kabla ya ajabu kulikuwa na timbo, mashua na watu waliohitaji kula.

Jioni hiyo tukiwa mezani, mwanangu aliuliza, bila nia mbaya yoyote, "Kwani ile nyumba ya kwa nyanya tutaimaliza lini?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama sahani.

Mwaka 2019 tulianza kujenga nyumba ya ghorofa kijijini. Tulitaka jina. Tulikopa, tukachimba msingi wa vyumba saba, na kuta zikafika kimo cha madirisha. Hapo zilikomea, na nyasi zimeota ndani. Karo tumekuwa tukilipa kwa kuchelewa, na mama mkwe, mwenye umri wa miaka 74, alikuwa angali akiteka maji mtoni huku akipita kando ya kuta hizo kila asubuhi.

Sikulala mapema usiku huo. Mimi na mwenzangu tulizungumza hadi saa saba. Kulipopambazuka tulikuwa tumekata shauri: pesa kidogo tulizokuwa nazo zingenunua tangi la maji na mabati ya vyumba viwili. Ghorofa ingengoja.

Sikuambii, msomaji, usitamani makubwa. Piramidi nilizijenga nikaonja utamu wake. Ila kabla ya kuweka jiwe la kwanza, jiulize: mawe ninayo? Nani mwingine anaikimbilia? Na ni nini hakitajengwa nikiijenga hii? Jikune ujipatapo.

Tangi limeshafika. Mama mkwe alipiga simu kutushukuru, akasema usiku husikia mvua ikilijaza. Kuhusu ghorofa, hakuuliza neno.