Tucson: Kutembea na Watoto Katika Mji wa Jangwa



Leo tunatembea mbali. Kuna mji mmoja wa Marekani, jina lake Tucson. Watu wa pale wanautamka «Tusan». Uko katika jimbo la Arizona, si mbali na mpaka wa Mexico, katikati ya jangwa la Sonora. Ni mji mkubwa: mwaka wa 2020 walihesabu watu zaidi ya 540 000. Lakini mvua ni kidogo sana. Kwetu Lubumbashi mvua ya mwaka mmoja inapita milimita 1 000. Kule, kwa kawaida, haifiki milimita 300. Mwezi wa 6, wakati sisi tunavaa triko sababu ya baridi, joto lao linapita nyuzi 38 siku nyingi.

Pengine utauliza: mambo ya jangwa yanatuhusu nini sisi wana wa shaba? Ndugu, watu wa Arizona nao ni wana wa shaba. Hakuna jimbo lingine la Marekani linalotoa shaba nyingi kama lile, na bendera yao tangu mwaka wa 1917 iko na nyota ya rangi ya shaba katikati. Tena, familia za Wakongomani zinakaa kule. Ukipita katika mtaa fulani siku ya yenga unaweza kusikia Kiswahili na harufu ya sombe.

Yaya yangu ni mmoja wao. Anakaa na bwana yake na watoto watatu. Mwaka uliopita, mwezi wa 6, nilikaa kwao majuma matatu. Yale niliyoyaona ndiyo ninataka kukuelezea, sababu yanaweza kumsaidia kila mzazi, hata yule asiyepanda ndeke hata siku moja.

JOTO SI MCHEZO

Shemeji yangu alifanya kazi miaka 9 chini ya udongo kule Kolwezi. Sasa anapanga mizigo ya usiku katika depo moja. Asubuhi anarudi, analala. Yaya naye anaondoka kazini. Basi vakansi ikifika, watoto wanafungwa ndani na mashine ya hewa ya baridi, wanatazama televizyo mpaka jioni. Kijana mkubwa, wa miaka 13, alikuwa amekwisha kuacha kusema Kiswahili. Baba akimuuliza neno, anajibu kwa Kiingereza, tena kifupi, macho katika telefone. Shemeji aliniambia kwa sauti ya chini: «Nimewaleta huku juu ya maisha yao, na sasa sijui hata wanawaza nini.»

Mwaka wa kwanza alijaribu kuwatembeza. Aliamka kisha usingizi, wakati jua liko juu ya kichwa, akabeba chupa moja ya mayi, wakaenda kupanda kilima. Mtoto mdogo wa kike alianza kulegea. Uso ulikuwa mwekundu, akatapika, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Watu waliokuwa karibu waliwasaidia kumbeba mpaka kivulini, wakamlowesha nguo na mayi, wakaita motokari ya wagonjwa. Alipona. Lakini tangu siku ile shemeji aliogopa jangwa, akafunga mlango.

Wazazi, tuelewe vizuri. Mwili wa mtoto unapata joto upesi kuliko mwili wa mtu mzima, na yeye hawezi kusema mapema. Kwa hiyo watu wa Tucson wako na desturi zao, nazo ni hizi:

– Wakati wa joto wanatoka asubuhi sana, jua likichomoza, na wanarudi mbele ya joto kupanda. Ao wanangojea jioni.
– Kila mtu anabeba mayi yake, hata mtoto. Mayi yakifika nusu, wanageuka kurudi.
– Kofia kubwa, nguo nyepesi za mikono mirefu, viatu vilivyofungwa, juu ya miiba na nyoka.
– Mtoto haachwi ndani ya motokari hata kidogo. Kwa dakika chache tu inakuwa kama furu ya mkate.
– Mvua kubwa zikianza mwezi wa 7, hawaingii katika mito mikavu. Mayi yanaweza kushuka kwa gafula kutoka milimani, hata kama juu yako hakuna wingu.

Ukiona mtoto amelegea, ngozi ni moto, anatapika ao anachanganya maneno, usingoje. Mpeleke kivulini, mpoze mwili wote kwa mayi, na umfikishe kwa munganga mara moja. Hata kwetu mwezi wa 10 jambo hili linaweza kutokea.

PAHALI PA KUTEMBEA

Nilimwambia shemeji: «Tuanze tena, lakini kwa akili.» Siku ya posho alipata pumziko, tukaamka mbele ya majogoo.

Tulianza na jumba la makumbusho la jangwa, Arizona-Sonora Desert Museum, lililofunguliwa mwaka wa 1952. Usiwaze nyumba yenye vitu vya vumbi nyuma ya kioo. Sehemu kubwa iko inje: ni zoo, ni bustani, ni njia za kutembea. Utaona simba wa milimani, nyoka anayepiga kelele kwa mkia, na wanyama wadogo kama panya wanaosimama kwa miguu miwili kuchunga shimo lao. Kuna nyumba moja ya ndege wadogo sana, wazito wa gramu chache tu, wanaosimama hewani kama nyuki mbele ya maua. Kuna pango na mawe ya udongo wa kule. Mbele ya jiwe moja la kijani shemeji alisimama, akasema: «Hili ninalijua.» Ilikuwa malakiti, ndugu ya ile ya kwetu.

Kisha kuna saguaro, ule mti mkubwa wa miiba unaoinua mikono kama mtu anayesali. Unaweza kupita metri 12 na kuishi miaka 150 na zaidi. Lakini unakomea polepole! Katika miaka 8 ya kwanza haupiti urefu wa kidole gumba. Mtoto wa pili, msichana wa miaka 9, alicheka sana: «Mimi nimeushinda!» Na hivi ndivyo unavyopona: saguaro ndogo mara nyingi inaota chini ya kivuli cha mti mwingine, wenye kuikinga na jua kali na baridi ya usiku. Watu wa kabila la Tohono O'odham, wenyeji wa inchi ile, wanaangusha matunda yake kwa fito ndefu wakati wa mwezi wa 6, wanapika sukari yake. Ili kuona saguaro kwa maelfu, unakwenda Saguaro National Park, iliyo pande mbili za mji. Karibu na njia fupi ya Signal Hill kuna mawe yenye michoro ya watu wa zamani. Watoto wanapenda kuhesabu: nyama huyu ni nani? Duara hii maana yake nini?

Siku ya yenga tulikwenda San Xavier del Bac, kanisa jeupe katika inchi ya Tohono O'odham. Misioni ilianzishwa na padri Kino mwaka wa 1692. Kanisa lenyewe lilijengwa toka 1783 mpaka 1797, na mpaka leo watu wanasali ndani. Ambia watoto watazame juu ya mlango: upande mmoja kuna paka wa jiwe, upande mwingine kuna panya. Wazee wanasema siku paka atakapomkamata panya, dunia itakwisha. Mdogo wetu alirudi mara tatu kuhakikisha panya yuko salama! Inje wamama wanauza mkate wa kukaangwa katika mafuta.

Kama watoto wako wanapenda ndeke, wapeleke Pima Air & Space Museum, iliyofunguliwa mwaka wa 1976. Kuna ndeke karibu 400. Nyingi zinakaa inje, sababu hewa kavu haileti kutu upesi. Katika Reid Park Zoo alizaliwa mtoto wa tembo mwaka wa 2020, wakamwita Penzi. Ndiyo, Kiswahili chetu! Kama joto linakushinda, panda mlima Lemmon: kilele chake ni metri 2 791, unaacha miiba chini na kufika kwenye misonobari na hewa ya baridi. Wakati wao wa baridi kuna hata theluji.

Na jambo moja halina bei: nyota. Tangu mwaka wa 1972 kuna sheria za kupunguza taa za mji, ili wenye elimu ya nyota waone vizuri kwa mashine zao. Tulitandika blanketi, tukalala chali, na yaya akawasimulia watoto hadisi za kambo yetu.

CHINI YA UDONGO KULE BISBEE

Sasa sikiliza jambo lililonigusa zaidi. Kilometa karibu 150 toka Tucson kuna mji mdogo wa Bisbee, kati ya milima. Zamani ulikuwa mji wa shaba kama Kipushi ao Likasi. Kazi kubwa ilisimama mwaka wa 1975. Basi wakatengeneza mgodi mmoja, Queen Mine, na tangu mwaka wa 1976 wageni wanaingia kuutazama. Watoto wa chini ya miaka 6 hawakubaliwi, kwa hiyo mdogo wa miaka 5 alibaki na mama yake, wakatazama lile shimo kubwa la wazi linaloitwa Lavender Pit.

Sisi tulivaa kaske, koti la rangi ya manjano, na taa. Tukapanda treni ndogo, tukaingia ndani ya mlima. Mle ni baridi, nyuzi kama 8 tu; usisahau triko. Mwongozi alituonyesha namna ya kutoboa jiwe na kupanga baruti. Shemeji alikuwa anatikisa kichwa mbele hata ya yule kumaliza maneno. Mwongozi alimuona, akamuuliza: «Wewe unajua kazi hii?» Akajibu: «Miaka 9, Kongo.» Yule mzee akamupa taa kubwa, akamwambia: «Basi, endelea wewe.»

Na shemeji akaeleza kwa Kiingereza chake cha kuvunjika-vunjika: tundu gani linalipuka kwanza, gani la mwisho, na sababu gani. Wageni wote walinyamaza. Kijana wake alikuwa anamtazama kama vile hajamuona bado.

Katika motokari, kilometa nyingi hakuna aliyesema. Kisha kijana akauliza, kwa Kiswahili: «Papa, mulikuwa munaogopa?»

«Kila siku, mwana wangu. Tukishuka, roho inadunda. Lakini nilikuwa ninawaza: wewe utakula nini?»

Waliongea mpaka tukaona taa za Tucson.

NA SISI HUKU?

Ndugu msomaji, huna Bisbee, lakini uko na mtoto. Kama unakaa Lubumbashi, kuna zoo, kuna na jumba la makumbusho. Pahali pengine kuna mto, kuna shamba, kuna mlima wa kupanda asubuhi. Ila usimpeleke mtoto kucheza penye mashimo ya wachimbaji, wala kwenye milima ya takataka za kiwanda, wala kuoga katika mayi yanayotoka kule. Udongo unaanguka na mayi yako na sumu.

Na wewe baba unayetoka kazini na vumbi katika nywele: je, mtoto wako anajua unafanya nini siku nzima? Siku ya posho inayokuja, uamke naye mapema, mubebe mayi na mkate, mutembee. Umwambie. Na vijana, musingoje papa aanze. Muulizeni.