Gego, Kitambaa na Mtihani wa Meno

Januari mwaka huu nilikaa mbele ya kompyuta katika maktaba ya Brookdale, hapa Brooklyn Center, nikafanya jaribio la DAT, mtihani wa kuombea nafasi ya kusomea udaktari wa meno. Sehemu ya sayansi ina maswali 100 kwa dakika 90: biolojia 40, kemia ya jumla 30, kemia ya kaboni 30. Yaani sekunde 54 kwa kila swali. Nilipata 31. Nikavaa koti, nikarudi nyumbani kwa miguu kwenye theluji, na sikumwambia mtu.

Wanachama wenzangu, mimi nilimaliza Kidato cha Sita Morogoro mwaka 2009, mchepuo wa PCB. Baada ya hapo nilisomea uhasibu, nikahamia Minnesota, nikapata kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Huko ndiko wazo hili lilikoanzia. Bibi mmoja aliyepoteza kumbukumbu alikataa chakula siku tatu. Sisi wahudumu tukaandika kwamba hana hamu ya kula. Usiku wa tatu, nikimpiga mswaki, niliona gego limepasuka na fizi imevimba. Hamu alikuwa nayo. Alichokosa ni namna ya kusema kwamba anaumia. Alipotibiwa, alimaliza bakuli zima la uji. Nami nilikuwa nimetia saini yangu mara mbili kwenye yale maelezo ya uongo.

Basi nikarudi chuoni kusoma masomo ya lazima, na jioni nikawa nasoma kwa ajili ya mtihani. Miezi miwili nilikariri, na kila nilichokariri kilipotea asubuhi. Siku moja binti yangu wa miaka minane aliniuliza kimeng'enya ni nini, kwa sababu alinisikia nikilitaja neno hilo kwenye simu. Nikamwambia atafune kipande cha ugali bila kumeza. Baada ya muda akasema, "Mama, kimekuwa kitamu!" Nikamweleza kwamba mate yanavunja wanga kuwa sukari. Jaribio hilo tulilifanya shule ya msingi, kwa Kiswahili. Sekondari tulihamia Kiingereza, na tangu hapo mimi nilikuwa nakariri tu. Tangu siku ile kila mada naieleza kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, jikoni: seli, kiini, usanisinuru, kato, chonge, sagego, gego. Nikikwama kueleza, najua sijaelewa. Kisha ndipo naisoma kwa Kiingereza, maana mtihani hautanisubiri nitafsiri.

Sehemu iliyonitisha zaidi ni ile ya maumbo, maswali 90 kwa dakika 60. Unaoneshwa karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, useme matundu yatakuwa wapi ikikunjuliwa. Nilikosa karibu yote. Nikampigia mama yangu, ambaye ni fundi cherehani.

"Mama, shingo ya gauni unaikataje?"

"Wewe mtoto, umesahau? Unakunja kitambaa mara mbili, mara nne, unakata kona moja tu. Ukikunjua, shingo ni duara."

Nilikuwa nimemshikia vitambaa vile miaka yote ya utoto wangu. Nikachukua gazeti na mkasi, nikaanza kukunja na kukata. Kila mkunjo unarudufisha tundu upande wa pili. Wiki ya pili sikuhitaji mkasi tena.

Juma lililopita nilipata 67 kati ya 100. Bado haitoshi. Jimbo hili lina shule moja tu ya udaktari wa meno, ile ya Chuo Kikuu cha Minnesota, na waombaji ni wengi. Ada ya mtihani inazidi dola 500, nami nimeshailipa kutoka kwenye mshahara wa usiku. Nitaufanya Agosti. Huenda nikashindwa, nikaurudia.

Kama kuna mwenzangu aliyeacha sayansi zamani na anaona aibu kuanza upya, mimi niko Brookdale kila Jumamosi asubuhi, meza ya karibu na dirisha. Njoo unieleze kemia kwa Kiswahili. Gazeti na mkasi ninavyo.