Mkunazini, na Sauti Itakayobaki



Mtu apitaye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hufika Mkunazini, penye kanisa kubwa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, aliyefanywa Askofu mwaka 1874. Alipofariki mwaka 1882 akazikwa humo, nyuma ya madhabahu. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watumwa zilizochongwa mwaka 1998, nazo zimefungwa minyororo shingoni.

Nilikwenda huko na dada yangu mkubwa. Alizitazama sanamu zile kitambo, kisha akasema, "Nyuso tunaziona, lakini sauti zao ziko wapi?"

Neno hili lilitugusa sana, kwa maana bibi mzaa bibi yetu alikuwa mmoja wa watoto waliookolewa utumwani wakalelewa na misheni huko Mbweni. Alipewa chakula, nguo, kitabu na jina la ubatizo. Lakini nyimbo za mama yake hakuna aliyeweza kumrudishia, wala hatujui hata wimbo mmoja aliowaimbia wanawe.

Basi dada yangu ameimba katika kwaya miaka mingi, na sasa ana ugonjwa wa koo. Daktari amemwambia kwamba atapasuliwa, na huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa. Mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa bado. Kwa hiyo tulipokuwa Unguja alitengeneza tamasha lake mwenyewe, kwa ajili ya watoto asiowajua.

Alichagua nyimbo kumi na mbili: za ibada, za harusi, na za kubembeleza mtoto. Akaziandika kwa taratibu, nyepesi kwanza, zenye sauti ya juu katikati, koo likiisha kupata moto, na za kulaza mtoto mwisho. Tuliamka alfajiri, kabla ya kunguru kuanza kelele. Tukafunga madirisha, tukazima feni, tukaiweka simu juu ya kitambaa kinene. Kabla ya kila wimbo alitaja nani aliyemfundisha, na ulikuwa ukiimbwa wakati gani. Katika wimbo wa saba alisahau maneno, akacheka. Nilipotaka kuanza upya alinizuia: "Acha, mdogo wangu. Wajue pia jinsi bibi yao alivyocheka."

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay ili nyimbo zake zitiwe katika sahani za santuri, nasi twamsikia hata leo. Siku hizi hakuna haja ya safari ile. Chombo kimo mfukoni. Ila simu huvunjika na huibwa. Kwa hiyo tumeweka nakala kwa ndugu watatu.

Ndugu zangu, mwombeeni dada yangu. Nanyi msingoje ugonjwa. Wazee wenu wangali wakiimba jikoni na shambani. Waombeni waimbe, mkazihifadhi sauti zao. Urithi wa shamba hugawanywa ukapungua, bali wimbo kila mtoto huupokea mzima.