Konvata ya Mjomba

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Sijui wangesema nini, mpenzi msomaji, lau wangemwona mjomba wangu ameketi ndani ya gari lake, macho kodo kwenye taa, mguu mmoja kwenye breki na mwingine kwenye mafuta, akingoja kwenda robo maili tu.

Mjomba, ndugu ya mama, anaishi viungani mwa Dallas, jimbo la Texas, Marekani. Kazi yake ni kuendesha lori usiku. Kazi ya moyo wake ni Chevrolet Nova ya mwaka wa 1974, injini ya lita 5.7, silinda nane, na rangi ambayo zamani ilikuwa buluu. Gari hilo ni la mbio za mstari ulionyooka. Magari mawili husimama sambamba, taa za manjano zikashuka moja baada ya nyingine kwenye mlingoti uitwao mti wa Krismasi, kijani ikiwaka unakanyaga. Mita 402, basi. Mwishoni unapewa kijikaratasi chenye muda wako. Chama kikubwa cha mbio hizo, NHRA, kilianzishwa mwaka wa 1951, lakini wengi wanaokimbia Jumamosi usiku si watu wa vyama wala wa vikombe. Ni makanika, madereva na walimu, na wengine huja na gari lile lile wanaloendea dukani.

Sasa, gari la Mjomba ni otomatiki. Halina klachi. Mahali pa klachi pana kitu cha mviringo kama maboga mawili yaliyogandishwa pamoja, kizito, kimejaa mafuta. Hiyo ndiyo toki konvata, ambayo mafundi huiita konvata tu. Ukitaka kuielewa, weka feni mbili zikitazamana. Washa moja. Upepo wake utaizungusha ile nyingine ijapokuwa haijaunganishwa na umeme. Ndani ya konvata feni ya kwanza inazungushwa na injini, ya pili inazungusha gea, na badala ya upepo kuna mafuta. Katikati yao kuna gurudumu dogo, steta, ambalo huyageuza mafuta yanaporudi ili yaisukume feni ya kwanza badala ya kuipinga. Kwa sababu hiyo gari linapoanza kuondoka, nguvu ya kuzungusha inaweza kufika maradufu ya ile iliyotoka kwenye injini. Aliyebuni mtambo huu ni Mjerumani, Hermann Föttinger, akausajili mwaka wa 1905 kwa ajili ya meli, wala si magari!

Konvata iliyotoka na gari kiwandani iliiacha injini ipande hadi mizunguko 1,700 hivi kwa dakika huku magurudumu yamefungwa na breki. Kipimo hicho huitwa stoli. Injini ya Mjomba huanza kuwa na nguvu karibu na mizunguko 3,000. Kwa hivyo kila mara taa ikiwaka kijani gari lake liliondoka likilalamika kama punda aliyepakiwa mawe. Alihitaji konvata yenye stoli ya 2,800. Zaidi ya hapo, kwa injini ya kawaida kama yake, mafuta yangechemka bure na gari lingeteleza njia nzima.

Alitaka ya kutengenezewa maalumu, dola 700, na alifanya kazi saa za ziada miezi mingi kuzipata. Mtengenezaji alitaka fomu ijazwe: uzito wa gari na dereva, kipimo cha magurudumu, gea za nyuma, nguvu ya kuzungusha ya injini. Mjomba akanitumia karatasi zake zote wakati wa likizo ya Aprili 2024, ile iliyorefushwa na mafuriko.

"Mama," akaniambia kwa simu (mimi nimepewa jina la nyanya, kwa hivyo huniita Mama), "wewe ndiye unajua Fizikia. Nijazie hiyo kitu, mimi niko barabarani."

Kichwa kilinivimba. Niliijaza kwa mwandiko wangu mzuri, akaituma.

Agosti nilipata bahati ya kumtembelea wiki tatu. Konvata ilikuwa ikiningoja kwenye sanduku lake. Tuliifunga pamoja, mimi nikimulika kwa tochi na kupokezana spana, yeye chali chini ya gari. Nilijifunza kwamba konvata haisukumwi tu ikaingia. Unaimwagia mafuta kwanza, unaitia kwenye giaboksi, kisha unaizungusha polepole huku ukiisukuma, nayo inazama hatua kwa hatua, kila hatua na mlio wake. Mwenye haraka hukaza bolti kabla haijafika mwisho, na pampu ya giaboksi huvunjika siku hiyo hiyo. Mjomba alipima nafasi iliyobaki kabla ya kukaza: milimita nne. "Sawa sawa," akasema, akajifuta jasho.

Jumamosi tukaenda kiwanjani. Joto lilikuwa la nyuzi 38 na jua lilikuwa linatua! Mjomba alikanyaga breki, akakanyaga mafuta, akatazama mshale. 2,400. Akajaribu tena. 2,400. Taa zikashuka, gari likaondoka kwa uzito ule ule wa zamani, au karibu nao. Kijikaratasi kilisema sekunde 2.3 kwa futi 60 za kwanza, na sekunde 15.1 kwa mbio nzima. Na konvata ya kale alikuwa akipata 15.2. Dola 700, sekunde 0.1.

"Ni hii joto," akasema. Lakini mimi nilitoka Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kiasi cha kuipunguzia injini karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Nilipiga hesabu kichwani: hata Nairobi stoli isingeshuka chini ya 2,500.

"Basi huyo jamaa ameniibia," Mjomba akasema. "Jumatatu atanijua."

Msomaji, konvata haina stoli yake yenyewe. Injini ndiyo inayoipa. Nguvu ya kuzungusha ikiongezeka mara nne, stoli huongezeka mara mbili. Nikachukua kalamu, nikaandika nyuma ya kijikaratasi: 2,400 kwa 2,800 ni sita kwa saba. Sita mara sita, thelathini na sita. Saba mara saba, arubaini na tisa. Nikazidisha na ile 380 niliyoijaza kwenye fomu. Nikapata 279.

Jasho baridi lilinitoka katika joto lile. Injini ya Mjomba ilikuwa imepimwa kwenye mashine, na karatasi ilisema futi-pauni 280. Mwalimu wetu wa Fizikia hataki kusikia habari za futi. Kwa hivyo, kwa ujuaji wangu, nilizigeuza daftarini kuwa newtoni-mita, zikawa 380. Halafu nikaichukua ile 380 nikaiandika kwenye kisanduku cha futi-pauni. Mtengenezaji aliamini ana injini yenye nguvu, akaikaza konvata ili isipite 2,800. Injini yenyewe haikuwa na ubavu wa kuifikisha huko.

Sikusema neno. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni. Jumapili tulikwenda kanisani, tukala wali kwa kuku, Mjomba akinisimulia maneno atakayomwambia yule bwana. Karo yangu hutoka mfuko ule ule uliotoa dola 700. Nilimeza chakula kama ninayemeza kokoto.

Jumatatu asubuhi akapiga simu. Nilisikia sauti yake ikipanda, kisha ikanyamaza, kisha: "Fomu? Fomu imeandikwa mia tatu themanini?" Akageuka kunitazama. Hapo ndipo nilipotoa kijikaratasi, mkono ukitetemeka, nikamwonyesha.

Aliisoma hesabu yote. Akaiziba simu kwa kiganja.

"Umejua tangu lini?"

"Jumamosi, Mjomba."

"Na jana yote unaniangalia tu nikiongea?"

Sikuwa na jibu. Heri angenichapa. Akairudia simu na kumwomba yule bwana radhi, taratibu, kwa Kiingereza cha heshima ambacho sijawahi kumsikia akikitumia. Konvata hufungwa kwa kuchomelewa, kwa hivyo ni lazima ikatwe, vibapa vyake virekebishwe, ichomelewe upya na kusawazishwa. Dola 150 pamoja na posta.

Tukarudi chini ya gari. Kutoa giaboksi ni kazi ya siku nzima, na saa mbili za kwanza hakunisemesha ila kwa majina ya spana. Nami sikumlaumu. Mchana akasukuma soda kwa mguu kuelekea niliko, akasema, "Kunywa, Mama, usinizirai hapa." Sanduku lilipochukuliwa nilikuwa nimebakisha siku mbili kurudi nyumbani.

Mwezi wa Oktoba alimtumia mama picha ya kijikaratasi kipya: futi 60 kwa sekunde 2.1, mbio nzima 14.7. Niliikuta siku tulipofunga shule. Nyanya naye aliletewa aitazame. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akauliza hilo gari likishafika huko mwisho huwa linaenda wapi.

"Linarudi, Nyanya," nikamwambia.