Mkono wa Saisi

Mguu wa farasi, toka goti la mbele kwenda chini, hauna nyama. Una mfupa wa muundi kwa mbele, kano zipitazo nyuma yake kama kamba za tanga lililojaa upepo, na ngozi nyembamba juu ya yote. Mnyama wa kilo 500 huitegemea miguu minne ya namna hiyo. Na katika mbio za kasi hupita nukta ambayo mguu mmoja tu umegusa ardhi, nao hupokea kishindo kinachozidi uzito wa mwili wake mara mbili. Damu ipitayo katika kano ni haba. Kwa hiyo kano iliyochanika hupona polepole, aghalabu kwa muda unaokaribia mwaka, wala hairudii unyumbufu wake wa awali. Farasi wengi hawakuaga uwanja kwa uzee, bali kwa mguu.

Nchini Kenya kazi ya kuifunga miguu hiyo ni ya saisi. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, na katika nchi za mbung'o limesahaulika, kwa kuwa mbung'o hawakuwaachia farasi maisha. Lakini Nairobi, ambako uwanja wa mbio wa barabara ya Ngong ulifunguliwa mwaka 1954, saisi yu hai na kazi yake i hai. Watazamaji hulitaja jina la farasi na la mpandaji. Jina la saisi halitajwi, hali yeye ndiye aujuaye mguu huo gizani.

Mtazame afungapo farasi kwa mapumziko ya usiku. Kwanza huupangusa mguu, maana chembe ya mchanga au unyasi mmoja ukibaki ndani utakuwa kidonda kufikia asubuhi. Pamba nene hutangulia, nayo hulazwa bila kikunjo hata kimoja. Kisha bendeji huanzia katikati ya muundi, ikashuka hadi kifundo, ikapanda tena hadi chini kidogo ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Mkono huvuta kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho, na mvuto huutia kitambaa kipitapo mbele juu ya mfupa, si kipitapo nyuma juu ya kano. Mwisho wa kitambaa hufungwa upande wa nje, na kidole hupimwa ukingoni: kiingie bila kulazimishwa, wala kisicheze ovyo. Mguu mmoja ukiwa mgonjwa, ule wa pili hufungwa pia, kwa sababu usiku kucha utabeba mzigo wa mwenzake.

Ufungaji mbaya ni hatari kuliko kutofunga. Kitambaa kilichokazwa mahali pamoja huibana kano, na kesho yake uvimbe huonekana nyuma ya muundi, umebinuka mfano wa upinde; maradhi yameletwa na kilichokusudiwa kuwa kinga. Kilicholegea huteleza, farasi akakikanyaga. Cha pamba kikilowa, hukaza kadiri kinavyokauka.

Wako wadhanio kuwa bendeji ya mazoezini huipa kano nguvu. Dhana hii haiwezi kusimama mbele ya hesabu ya kishindo kilichotajwa. Kitambaa huzuia michubuko na pigo la ukwato wa mguu jirani, basi. Tena kina gharama yake: ndani ya kano ya farasi aendaye mbio joto hufikia nyuzi 45, na vazi juu yake halisaidii kulipunguza. Ndiyo maana hufunguliwa mara kazi inapokwisha. Siku hizi vitambaa huuzwa kwa rangi zinazolingana na nguo ya tandiko. Pambo si dhambi, ila farasi hana habari nalo.

Vitambaa vilivyotumika hufuliwa, vikasuuzwa hata povu la sabuni litoke lote, maana sabuni iliyobaki huwasha ngozi. Hukaushwa kabisa, kisha huviringwa kwa kukazwa, kishikizo kikiwa ndani, ili siku ya kufungwa kije nje chenyewe.

Alfajiri, saa 12 hazijapita tangu kufunga, saisi hurudi zizini. Hufungua, akachutama kando ya farasi, akapitisha kiganja nyuma ya muundi toka juu hadi chini, kisha akaupapasa mguu wa pili, akilinganisha joto la huu na la ule.