Dada Yangu Mjamzito, Usijifiche na Sigara Yako

Leo nimeamka na mzigo, na mzigo wenyewe si juu ya watu wa nje. Ni juu yangu mimi mchungaji wenu. Kaa nami dakika chache kabla hujaanza shughuli zako.

Miaka michache iliyopita nilihubiri juu ya mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu. Wale wa zamani mnaikumbuka hiyo Jumapili. Nilitoa pakiti tupu ya sigara mfukoni, nikaikanyaga pale madhabahuni, mkapiga makofi na vigelegele. Nikasema mtu aliyeokoka na bado anavuta anamdanganya Mungu mchana kweupe. Nikashuka nikijiona nimehubiri kweli kweli.

Safu ya nne alikuwa ameketi dada mmoja mwenye mimba ya miezi minne. (Ameniruhusu niandike haya, bila jina.) Ni mwombaji, hakosi kesha. Lakini sigara alianza kabla hajamjua Bwana, wakati akifanya kazi za usiku, na ilikuwa bado haijamtoka. Tatu kwa siku, nyuma ya choo cha ploti, kisha peremende mdomoni na kunawa mikono kwa sabuni. Mahubiri yangu hayakumwachisha. Yalimfunga mdomo tu. Kliniki alipoulizwa kama anavuta, alisema hapana, kwa sababu muuguzi ni mshirika wa kanisa letu na aliogopa habari zitanifikia.

Mtoto alizaliwa wiki ya 34, kilo 1.9. Nilipoenda hospitalini kuwaombea nilimkuta mama amemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyomfundisha, mtoto mwenyewe haonekani ila kofia. Akaniambia, "Pasta, ni mimi nimemfanyia hivi." Kisha akanieleza yote. Wapendwa, nimesoma chuo cha Biblia, naweza kukufundisha habari za hekalu kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, lakini siku ile sikuwa na neno. Hata sikujua moshi unamfanyia nini mtoto aliye tumboni. Nilikuwa nimehubiri jambo nisilolijua.

Basi nilimuuliza daktari. Hakusema ni sigara ndiyo iliyomleta mtoto mapema. Alisema watoto huzaliwa kabla ya wakati kwa sababu nyingi, na kwa mtu mmoja huwezi kuapa. Lakini akanieleza jinsi mambo yanavyokuwa. Mtoto tumboni hapumui mwenyewe, anategemea damu ya mama inayopita kwenye kondo la nyuma. Nikotini inabana mishipa, damu inapungua. Halafu moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hiyo gesi hushika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mtoto anapata chakula kidogo na hewa kidogo. Ndiyo maana sigara huongeza hatari ya kuzaa kabla ya wiki 37, ya mtoto kuwa chini ya kilo 2.5, ya kondo kubanduka kabla ya wakati na mama kuvuja damu, ya mtoto kufia tumboni, na hata ya mtoto mchanga kufa ghafla usingizini baada ya kuzaliwa salama.

Na nyinyi mama zangu wa ugoro, msicheke. Najua mko. Mwingine anaweka kidogo mdomoni kutuliza kichefuchefu, akiulizwa kliniki kama anavuta sigara anasema hapana, na hajadanganya. Lakini ugoro ni tumbaku, nikotini ni ile ile. Hata vile vifuko vinavyowekwa chini ya mdomo. Mwambie muuguzi, hata kama hajauliza.

Sasa fungua Waamuzi 13. Malaika alimtokea mke wa Manoa kabla hata hajashika mimba, akamwagiza asinywe divai wala kileo kwa ajili ya mtoto atakayemzaa. Tazama alivyoongea naye. Hakumkanyagia kitu mbele ya watu. Alimpa habari njema ya mtoto kwanza, ndipo akampa agizo. Mimi nilianza na kiatu.

Na Manoa je? Alimwomba Mungu amrudishe yule mjumbe, awafundishe jinsi ya kumlea huyo mtoto. Baba unayevuta ndani ya nyumba ya chumba kimoja, mke wako ana mimba na huna habari, umeuliza nini? Kufungua dirisha hakutoshi. Moshi wako anauvuta yeye, na mtoto naye anaupata. Toka nje, tena mbali. Bora zaidi muache pamoja, kwa sababu ni vigumu sana mama kuacha kama pakiti yako iko juu ya meza.

Dada, kama uko na mimba na unavuta, usiseme umechelewa. Ukiacha leo, ile gesi inaanza kutoka kwenye damu, na kwa muda wa siku moja hivi inakuwa imepungua sana. Ukiacha mapema, miezi mitatu ya kwanza, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito unaokaribia wa yule ambaye mama yake hakuvuta. Mwezi wa saba pia kuna faida. Hamu ikikushika huwa ya dakika chache. Kunywa maji, tembea, mpigie mtu. Ukianguka siku moja, anza tena kesho. Lakini kwanza mwambie muuguzi ukweli. Yule wa kwetu nimezungumza naye, na siri ya kliniki haiji kwangu.

Mimi pia niandikie inbox, au ongea na Mama Pasta. Hatutasoma jina lako madhabahuni. Yule dada aliacha, ingawa ilimchukua majaribio manne, mawili akinipigia simu usiku. Mtoto wake Jumapili iliyopita alinivuta tai nikimwombea, akakataa kuiachilia.

Ubarikiwe. Tuonane kesha Ijumaa.