Nalipwa Nisimwagilie

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimelipwa ili nisimwagilie. Jambo hili huwachekesha ndugu zangu wa Busia, maana kwao mtunza maua ni mtu mwenye ndoo mkononi. Lakini Kampala hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, na kaktasi inayokaa sebuleni hapa haifi kwa kiu hata siku moja. Huuawa na watu wema wenye jagi.

Nilianzia kwenye kitalu cha kando ya Barabara ya Jinja, pale ambapo miche hupangwa karibu kabisa na lami na kila lori likipita majani yanavaa vumbi jipya. Kazi ya mgeni ilikuwa kujaza udongo kwenye viriba na kumwagilia asubuhi na jioni. Nilipofika kwenye safu ya miiba, mzee mwenye kitalu alininyang'anya ndoo. "Hizo ziache, mwanangu. Siku yake ikifika nitakwambia." Siku yenyewe ilichelewa hata nikadhani amesahau.

Alinifundisha udongo kwanza. Udongo mwekundu wa vilima vya Kampala unafaa kwa matoke, lakini kwenye chungu ni balaa: ukiloa unashikamana, ukikauka unakuwa tofali. Maji hubaki chini, mizizi inaoza huku mmea juu bado ni kijani, na mwenye mmea akiona unanyong'onyea anaongeza maji. Kwa hiyo tulichanganya udongo wenye mboji, mchanga wa ziwani unaoletwa na malori kutoka Lwera, njia ya Masaka, na kokoto ndogo, kila kimoja sawa na mwenzake. Kokoto nilizifuata Kireka, mtaa wa Acholi Quarters, kwa akina mama waliokimbia vita vya kaskazini, wakawa wanapasua mawe kwa nyundo juani kutwa nzima. Nilichagua zile ndogo za chini ya rundo ambazo wajenzi hawazitaki. Mpaka leo mchanganyiko naupima kwa kiganja: nauloanisha, naufinya, nafungua mkono. Ukibaki donge, haufai. Lazima umomonyoke wenyewe.

Chungu kilikuwa vita nyingine. Wateja walipenda vile vya kauri vinavyong'aa, visivyo na tundu, kwa sababu haviachi doa mezani. Tulivitoboa kwa drili kabla ya kuuza. Mteja akikataa kutobolewa, nilimuuzia mmea mwingine.

Baadaye nikaanza kuzunguka kwenye ofisi za Nakasero na nyumba za Kololo, nikiwa na mfuko wa mkasi, spiriti na kijiti cha muchomo. Kijiti hicho ndicho kilichonilisha. Watu hutaka ratiba: mara moja kwa wiki, au mbili? Mimi nachomeka kijiti mpaka chini ya chungu, nakiacha kidogo, nakichomoa. Kikitoka na udongo umeganda, naondoka zangu. Kikitoka kikavu na safi, namwagilia kwelikweli, mpaka maji yatoke tunduni, kisha namwaga yote yaliyobaki kwenye kisahani. Kiangazi cha Januari na Februari hilo huja haraka. Mvua za Machi mpaka Mei chungu cha ndani chaweza kumaliza mwezi bila tone. Kaktasi hufungua vitundu vya ngozi yake usiku, wakati wa ubaridi, mchana inavifunga. Haina haraka kama sisi.

Vitabu vya Waingereza nilivyopewa na wateja vilinipa shida. Vinasema uiweke dirisha la kusini, na majira ya baridi uipumzishe. Baridi gani, sisi tulio hatua chache kutoka ikweta? Hapa jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini tangu mwishoni mwa Machi mpaka Septemba, kisha huhamia kusini. Basi nami nilihamisha vyungu mara mbili kwa mwaka, kutoka dirisha hili kwenda lile, na makarani wakanitazama kama mganga. Kaktasi ambayo haikuhamishwa ilijieleza yenyewe: shingo nyembamba, rangi imepauka, imeinamia kioo.

Kuna ofisi moja, sitaitaja, ambako chai ya maziwa iliyobaki kikaoni ilikuwa ikimiminwa kwenye chungu. Kwanza walikuja sisimizi, kisha shina likalegea chini na kuwa la kahawia. Nilipangusa kisu kwa spiriti nikakata kipande, nikatazama, nikakata tena, mpaka duara la ndani likawa safi bila alama hata moja. Kichwa kilichobaki nilikilaza juu ya gazeti la Bukedde, kivulini, mpaka jeraha likafanya kigaga kigumu, ndipo nikakipanda kwenye mchanga mkavu. Kiliota. Spiriti hiyohiyo huwafuta wadudu weupe kama pamba wanaojificha kwenye makunyanzi. Wapo wanaotumia waragi. Mimi naona ni kuharibu waragi.

Wengine waliniletea mmea wa miiba uitwao enkukuulu kutoka kijijini, wakiamini ni kaktasi. Siyo. Kaktasi karibu zote asili yake ni Amerika. Afrika tunayo moja tu ya kwetu, isiyo na miiba ya kutisha, inayoning'inia kwenye miti ya msituni. Enkukuulu ukiikata hutoa maziwa, na maziwa hayo yakikuingia jichoni utalia hospitalini. Niliipokea kwa glavu, na nikaomba ikae mbali na watoto.

Siku hizi nauza mwenyewe, na zinazotoka sana ni zile ndogo zenye kichwa chekundu au cha njano. Kichwa hicho hakina ukijani, hakiwezi kujipikia chakula. Kimepandikizwa juu ya shina la kaktasi nyingine inayokilisha. Haziishi sana, miaka michache tu, shina na kichwa vinashindwana. Hilo namwambia kila mteja kabla hajatoa pesa. Juzi mama mmoja wa Ntinda alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo.

"Basi mzee, nipe mbili," akasema. "Nyekundu na ya njano."

Nikamfungia kwenye mfuko wa kaveera, naye akaita boda.